Wazo hili limetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupambanua roho

Umekaa kusali dakika kumi. Yamekwisha kupita mawazo saba: umpigie simu dada yako mliyenuniana, uache kazi, ujiunge na utawa, yule katibu wa kwaya alikudharau, ufunge siku tatu, wewe hufai kitu, maharage yanaungua. Lipi la kufuata? Majibu yaliyo hapa chini yanafuata kanuni za Mtakatifu Inyasi (Ignatius) wa Loyola, askari Mhispania wa karne ya 16 aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti. Kanuni hizo zinatumika sana katika nyumba za mafungo za Kikatoliki. Asiye Mkatoliki naye anaweza kuzitumia bila shida.

Kupambanua roho ni nini hasa?

Ni kutazama yanayotembea moyoni (mawazo, mivuto, hofu, raha) na kuuliza yametoka wapi na yananipeleka wapi, ili niyapokee au niyakatae. Wengine huita mang'amuzi. Ni jambo lile lile. Yohane alikwisha kuonya katika waraka wake wa kwanza: "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho."

Inyasi anasema ndani ya mtu mna mawazo ya namna tatu. Moja ni langu, linatokana na uhuru na utashi wangu mwenyewe. Mengine mawili yanatoka nje yangu: moja kwa roho mwema, jingine kwa roho mwovu. Maana yake ni kwamba wazo kupita kichwani si dhambi, wala si agizo la mbinguni. Ni mgeni aliyebisha hodi. Unamtazama kwanza, ndipo unamkaribisha au unamwacha barazani.

Mambo mawili si ya kupambanua. La kwanza ni uovu ulio wazi: hakuna haja ya kukesha ukiomba mwanga kama uchukue fedha za kikoba au usichukue. Kupambanua ni kwa ajili ya kuchagua kati ya mambo mema, au mambo ambayo yenyewe hayana ubaya. La pili ni kutabiri. Huulizi namba ya bahati wala mwakani kutatokea nini.

Kanuni hizi zilipatikanaje?

Kitandani. Tarehe 20 Mei 1521 risasi ya mzinga ilimvunja Inyasi mguu alipokuwa akiilinda ngome ya Pamplona dhidi ya Wafaransa. Akarudishwa nyumbani Loyola, akalala miezi. Aliomba vitabu vya mashujaa wa vita na mapenzi. Nyumba nzima havikuwamo. Akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu.

Aliposhusha kitabu alikuwa akiota mchana. Ndoto moja ilimhusu bibi wa daraja ya juu: atamfikiaje, atamwambia maneno gani, atafanya ushujaa gani kwa ajili yake. Angeweza kukaa humo saa mbili, tatu, hata nne bila kujitambua. Ndoto ya pili ilikuja aliposoma habari za Fransisko na Dominiko: itakuwaje nami nikifanya kama wao? Akajiona anakwenda Yerusalemu miguu mitupu, chakula chake majani. Zote mbili zilimfurahisha wakati anaziwaza. Tofauti ilikuwa baadaye. Ile ya kwanza ikiisha ilimwacha mkavu na hana raha. Ile ya pili ikiisha, furaha ilibaki. Muda mrefu hakulitambua hilo, mpaka siku moja macho yakamfunguka akashangaa.

Hapo ndipo mzizi wa mafundisho yote ulipo: hakupima utamu wa wazo lilipoingia, alipima hali liliyomwacha nayo lilipotoka. Wahenga wetu wangesema nyumba njema si mlango.

Aliendelea kujifunza huko Manresa mwaka 1522 na 1523, akaandika kanuni 22: 14 za wanaoanza na 8 za waliosogea mbele. Zimo katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo III alikiidhinisha mwaka 1548. Papa Fransisko, naye Mjesuiti, aliyarudia mafundisho haya katika katekesi zake za Jumatano kuanzia tarehe 31 Agosti 2022 hadi tarehe 4 Januari 2023.

Faraja na ukiwa ni furaha na huzuni tu?

Hapana, na wengi hupotelea hapa. Faraja ni kila kinachoongeza imani, matumaini na mapendo, na kuuvuta moyo kwa Mungu na kwa watu. Machozi ya kujutia dhambi yaweza kuwa faraja. Mfiwa anayelia huku moyo wake umemwelekea Mungu yumo katika faraja, ingawa macho yamevimba.

Ukiwa ni kinyume chake: giza, vurugu ndani, kuvutwa na mambo ya chini, uvivu wa sala, kujiona kama uliyetengwa na Muumba wako. Mtu anaweza kuwa ukiwani huku anacheka harusini. Kwa hiyo usiulize "najisikiaje?" peke yake. Uliza: "hali hii inanisogeza wapi?" Baada ya kuwa nayo, je, ni rahisi zaidi kusamehe, kusali, kumsikiliza mtoto, kusema ukweli? Au ninajifungia chumbani na simu yangu?

Na kabla ya hayo yote angalia mwili. Usiku bila usingizi, njaa, malaria inayoanza, siku za mwezi, pombe ya jana: vyote hutikisa mawazo. Mtu akila na kulala, nusu ya "vita vya kiroho" huisha asubuhi.

Nina amani kabisa na jambo hili. Si inatosha?

Inategemea unaelekea upande gani. Kanuni mbili za kwanza za Inyasi zinazungumzia jambo hili, nazo ndizo zinazosahauliwa kuliko zote.

Mtu anayeporomoka kutoka kosa hadi kosa, roho mwovu humtuliza. Humwonyesha raha, humwambia kila mtu anafanya hivyo. Roho mwema ndiye anayemchoma dhamiri na kumnyima usingizi. Mtu anayepanda, anayejitahidi kweli kumtumikia Mungu, mambo hugeuka: adui ndiye anayemtia fadhaa, vikwazo na hofu zisizo na msingi, na roho mwema humpa nguvu na utulivu. Katika kanuni za baadaye Inyasi analifananisha na tone la maji. Likidondoka juu ya sifongo huingia kimya, likidondoka juu ya jiwe hutoa kishindo na kurukaruka. Roho inayofanana na hali yako huingia kama mwenye nyumba, mlango uko wazi. Isiyofanana huingia kwa kelele.

Mfano: karani anayejaza fomu za posho za safari ambazo hakwenda. Mara ya kwanza alitetemeka. Leo ana "amani". Amani hiyo haitoki kwa Mungu. Ni sifongo iliyokwisha lowa. Kwa hiyo kabla ya kuitegemea amani, jiulize kwa unyoofu: katika jambo hili hili, ninapanda au ninashuka?

Nimo katika ukiwa. Nifanye nini, nisifanye nini?

Kanuni ya tano: wakati wa ukiwa usibadilishe kitu. Simama imara katika uamuzi uliokuwa nao kabla giza halijaingia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sababu ni kwamba wakati wa faraja mshauri wako mkuu ni roho mwema, na wakati wa ukiwa mshauri ni yule mwingine. Kwa mashauri yake hatuwezi kupata njia iliyonyooka.

Kwa vitendo: mnovisi (aliye katika malezi ya utawa) anayetaka kufunga sanduku saa sita usiku angoje. Katekista anayetaka kuandika barua ya kujiuzulu baada ya Dominika mbaya aiandike akipenda, lakini asiipeleke. Mume anayehisi ndoa imekwisha kwa sababu wiki hii yote ni kavu, asitamke neno hilo.

Lakini kutobadili uamuzi si kukaa tu. Kanuni ya sita inataka tujibadilishe sisi wenyewe dhidi ya ukiwa: kuzidisha sala kidogo, kujihoji zaidi, kujinyima kwa kiasi. Inyasi ana dawa moja mahususi. Ukiwa umeahidi saa nzima ya sala na unavutwa kuikata, kaa kidogo zaidi ya saa. Kama ahadi yako ni dakika 15, kaa 17. Mtu anayezoea kuongeza dakika mbili anamzoeza adui kushindwa. Anayezoea kupunguza tano anamfundisha mahali pa kubonyeza.

Kisha tafuta sababu. Inyasi anataja tatu. Yaweza kuwa uzembe wetu: sala imeachwa wiki tatu, na dawa yake ni kurudi. Yaweza kuwa jaribio, tuonekane tunasonga kiasi gani bila peremende. Na yaweza kuwa fundisho kwamba faraja ni zawadi, si mshahara, tusijenge kiota katika nyumba ya mwingine. Kosa la kawaida ni kurukia sababu ya kwanza daima na kujipiga viboko.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: kanuni ya kutobadili si ya kumfunga mtu katika hatari. Anayepigwa nyumbani, au ambaye mtoto wake ananajisiwa, aondoke leo akatafute usalama. Usalama hautafutiwi mang'amuzi.

Basi nikiwa na faraja niamue haraka?

Polepole hapo pia. Faraja ya kweli hutoka kwa Mungu, lakini baada yake huja saa ya uvuguvugu: moyo bado una moto, ila sauti inayozungumza sasa yaweza kuwa ya akili yako mwenyewe inayopanga mipango. Inyasi anatofautisha kabisa saa ya faraja yenyewe na saa inayofuata, na anasema mipango ya saa hiyo ya pili ichunguzwe sana kabla ya kutekelezwa.

Ndiyo maana ahadi za mkesha huumiza. Saa tisa usiku, nyimbo zimepamba moto, mtu anaahidi mshahara wa miezi mitatu au anaweka nadhiri ya kufunga mwaka mzima. Upendo aliousikia huenda ulikuwa wa Mungu. Tarakimu ni zake. Andika wazo, weka tarehe, lirudie baada ya siku saba ukiwa umelala vizuri. Na faraja ikiwepo, itumie kujiwekea akiba: andika unachokiona wazi sasa, utakihitaji ukiwa utakapokuja.

Wazo jema laweza kuwa mtego?

Ndiyo, na kwa mtu mwenye bidii ya dini huo ndio mtego unaotumika zaidi. Mtu wa sala hatajaribiwa na wizi. Atajaribiwa na wema uliopotoka mahali. Paulo alisema Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru.

Inyasi alipokuwa akisoma Kilatini huko Barcelona, ni mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi anayekariri sarufi na watoto, kila alipofungua daftari mawazo mazuri ya kiroho yalimjaa hata asikariri kitu. Akajiuliza: mbona katika Misa na sala hayaji kwa nguvu hii? Akatambua ni kishawishi. Alimwendea mwalimu wake, wakaketi kanisani Santa María del Mar, akamweleza yote, akamwahidi kwamba miaka miwili hataacha kumsikiliza darasani maadamu anapata mkate na maji. Vishawishi vile havikurudi. Huko Manresa pia mawazo matamu yalimjia saa ya kulala, yakimla usingizi mchache aliokuwa nao. Akaona heri alale.

Kanuni yake: tazama mwanzo, katikati na mwisho wa mfululizo wa mawazo. Vikiwa vyema vyote vitatu, ni ishara ya roho mwema. Mfululizo huo ukiishia kwenye kitu kibaya, au kinachotawanya, au wema mdogo kuliko ule uliokusudia mwanzo, au ukikunyang'anya utulivu uliokuwa nao, umeuona mkia wa nyoka.

Chukua mwalimu aliyeanza kuwafundisha bure kila Jumamosi watoto wenye kuhitaji msaada. Wazo jema. Baada ya mwezi anaongeza Jumapili alasiri. Kisha anaanza kuwahesabu walimu wenzake wasiofanya hivyo. Kisha mkewe akimwuliza atarudi saa ngapi, anajibu kwa ukali. Sala ya asubuhi inafupishwa, kuna daftari za kusahihisha. Mwezi wa tano ni mtu mkavu na mwenye hasira anayesema Mungu amemwita. Ukitaka kumsaidia usimwambie aache kufundisha. Kaa naye mrudi nyuma hatua kwa hatua, kama anayefuata nyayo, mpaka mahali zilipoacha njia: ni pale alipoanza kuhesabu wenzake. Hapo ndipo pa kukata. Jumamosi ibaki, Jumapili irudi nyumbani. Na mahali hapo apaandike, kwa sababu adui atapita hapo hapo tena.

Nianzeje kila siku? Nipeni utaratibu.

Dakika 15 jioni, kabla ya chakula kama inawezekana. Baada ya kula usingizi hushinda. Inyasi aliuweka mara mbili, mchana na jioni. Anayeanza aanze na mara moja.

Mafungu ni matano. Shukuru kwa vitu viwili vitatu mahususi vya leo ("yule kondakta aliyenirudishia chenji", si "uhai na afya" kila siku). Omba mwanga, maana unachotaka ni kuona kama Mungu anavyoona. Pitia siku tangu ulipoamka, saa kwa saa, dakika saba au nane hapa. Omba msamaha. Amua kitu kimoja kwa kesho, kimoja tu.

Fungu la tatu ndilo linaloharibika. Watu huorodhesha matukio ("nilikwenda sokoni, nikarudi") au dhambi. Wewe tafuta mitikisiko: ni saa ngapi moyo ulipanuka, na saa ngapi ulijikunja? Nilikuwa na nani? Wazo gani lilitangulia? Daftari la kawaida linatosha. Piga mistari, uwe na safu nne: saa, wazo lililokuja, liliniacha vipi, nilifanya nini. Mistari mitatu kwa siku inatosha. Mfano wa mstari mmoja: "Saa nne asubuhi. Nimjibu bosi kwenye kundi la WhatsApp mbele ya wote. Wakati nawaza nilijisikia shujaa. Baadaye tumbo limekaza, nikashindwa kusali saa sita. Sikutuma."

Baada ya wiki nne soma daftari lote mara moja. Mtu mmoja mmoja ataona ukiwa wake huja Jumapili jioni, au baada ya kupitia picha za watu mtandaoni, au kila anapokutana na ndugu fulani. Kumbukumbu ya kichwa haiwezi kukuonyesha hilo. Daftari lifungiwe mahali. Ukihofia litasomwa utaanza kuandika uongo.

Uamuzi mkubwa, kama ndoa, utawa, kuhama nchi au kubadili kazi, unapitishwaje?

Inyasi anazitaja nyakati tatu za kuchagua. Ya kwanza, Mungu anauvuta moyo bila shaka yoyote, kama Mathayo alipoitwa mezani pa ushuru. Ni adimu, usiingoje. Ya pili ni kufuata mwendo wa faraja na ukiwa kwa muda, na hapo daftari lako ndilo shahidi. Ya tatu ni wakati wa utulivu, moyo hausukumwi huku wala kule, na mtu anatumia akili.

Kwa wakati wa tatu utaratibu ni huu. Andika swali katika sentensi moja inayojibika: "Nikubali uhamisho wa Mwanza kuanzia Januari?" Si "Mungu anataka nini na maisha yangu?" Kusanya habari kamili: mshahara, shule ya watoto, mama mgonjwa atabaki na nani. Mang'amuzi bila habari ni kubahatisha kwa jina la Mungu. Kisha omba uwe kama mizani iliyosimama sawa, usioegemea upande. Ukigundua tayari umeegemea, sema hivyo katika sala na uendelee kuomba, usijifanye huegemei.

Ndipo upige safu nne: faida za kukubali, hasara za kukubali, faida za kukataa, hasara za kukataa. Nne na si mbili, kwa sababu hasara za kubaki huwa hatuziandiki. Usihesabu idadi ya mistari. Tazama ipi ina uzito kwa kumtumikia Mungu na ipi ni ya starehe au sifa tu.

Bado umekwama? Inyasi anatoa vipimo vitatu. Fikiria mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema yote, amekuja na jambo hili hili: ungemshauri nini? Fikiria uko kitandani unakata roho: ungependa uwe umechagua nini? Fikiria umesimama mbele ya Hakimu siku ya mwisho. Kile cha kwanza husaidia wengi, kwa kuwa tuna huruma na akili zaidi kwa mambo ya wengine.

Ukishaamua, peleka uamuzi katika sala ukaombe uthibitisho, uishi kama vile umekwisha kuamua, bila kutangaza. Wiki mbili kwa kazi; kwa ndoa au utawa ni miezi, na Kanisa lenyewe limeweka muda wa malezi. Utulivu unaozidi ni ishara njema, hata hofu ikiwepo. Vurugu inayozidi siku hadi siku ni sababu ya kurudi mezani.

Mtu ameniambia: "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu."

Mungu anayemwambia yeye ana namba yako pia. Usipolisikia, hudaiwi kitu. Kama anatisha kwa laana ukikataa, hiyo peke yake yatosha kujibu roho gani inazungumza.

Kufungua Biblia popote na kuweka kidole?

Usiitumie kuamua. Ukifungua mara tatu ili upate jibu unalolipenda, umekwisha kuamua bila kujua.

Na ndoto?

Biblia ina Yosefu. Lakini ndoto nyingi ni masalio ya siku. Iandike, ipime kama wazo lolote jingine kwa matunda yake, wala usifunge ndoa au kuvunja undugu kwa sababu ya ndoto moja. Ndoto inayomtaja jirani kuwa mchawi ikatae mara moja; tumewaona wazee wakiuawa kwa mambo kama hayo.

Lazima nimwambie mtu?

Ndiyo. Inyasi anamfananisha adui na mtongozaji anayembembeleza binti wa watu: anachokiogopa zaidi ni binti kumwambia baba yake. Wazo linalosema "hili usimwambie padre, hatakuelewa" ndilo la kwanza kulisema. Mara nyingi hufa likitamkwa.

Mara moja kwa mwezi, dakika 45 hivi, inatosha. Nenda na daftari, si na maisha yako yote. Msindikizaji mzuri, awe padre, mtawa au mlei aliyefundwa, huuliza zaidi ya anavyojibu. Inyasi anamwagiza anayetoa mazoezi asimvute mtu upande wowote, hata wa utawa, bali asimame katikati kama mizani na amwache Muumba azungumze na kiumbe wake. Mkimbie anayekuamulia, anayedai fedha au "mbegu" ili akuonee, anayetaka mkutane usiku peke yenu, anayekukataza kuonana na ndugu zako.

Kila wazo naliona dhambi. Naungama yale yale kila wiki.

Huo ni wasiwasi wa dhamiri, na si utakatifu. Inyasi anatofautisha: mtu akikanyaga majani mawili yaliyoangukiana kama msalaba na kusema "nimetenda dhambi", hilo ni kosa la kufikiri tu. Wasiwasi wenyewe ni lile wazo linalokuja baadaye na kusumbua: nimekosa, sikukosa, nimekosa. Yeye mwenyewe ulimtesa Manresa, akaungama tena na tena, akajaribiwa hata kujirusha katika shimo lililokuwa chumbani mwake, akafunga wiki nzima mpaka muungamishi akamwamuru ale. Mwisho aliona wazi wasiwasi ule unamfikisha wapi, akaacha kabisa kuungama dhambi za zamani.

Kwa hiyo: muungamishi mmoja, si watano, ukiambiwa imesamehewa, usirudie. Kanuni ni kwenda kinyume na mvuto. Anayejihoji kupita kiasi asizidishe kujihoji, apunguze: dakika tano, fungu la shukrani liwe refu. Kama kuna kunawa, kuhesabu au kurudia sala mara nyingi usipoweza kuacha, mwone daktari pia. Ni ugonjwa unaotibika.

Nitajuaje kama ni ukiwa wa kiroho au ni ugonjwa?

Ukikosa usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali. Ukisikia sauti kwa masikio, hasa zinazoamuru, nenda hospitali. Wazo la kujiua au kumdhuru mtu halipambanuliwi: mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, usikae peke yako, mpelekwe kwenye matibabu. Sala na dawa hazigombani. Anayekwambia uache vidonge ili uonyeshe imani usimsikilize.

Jirani yangu Mwislamu huswali istikhara. Ni kitu kimoja?

Si kimoja, ila ni ndugu wa karibu. Istikhara ni rakaa mbili zisizo za faradhi na dua ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo heri. Haidai ndoto, na huambatana na kutaka ushauri kwa wenye busara. Na neno letu wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, lile lile lililomo katika Sura An-Nas, mtia wasiwasi anayerudi nyuma. Inyasi naye anasema adui huishiwa nguvu akikabiliwa uso kwa uso, na huwa mkali kuliko mnyama yeyote akiogopwa. Kwa majirani wa Mombasa au Unguja, ni mazungumzo mazuri ya barazani.

Nimekwisha kuamua vibaya. Sasa?

Inyasi anagawanya maamuzi. Yale yanayobadilika, kama kazi, makazi au masomo, yafanye upya kwa utaratibu ule ule, wakati umetulia. Yale yasiyobadilika, kama ndoa iliyo halali au daraja takatifu, hata kama uliingia kwa sababu mbovu, hayana uchaguzi mpya. Tubu kwa jinsi ulivyoingia, kisha uliza swali tofauti: nikiwa humu ndani, leo, wema uliopo mbele yangu ni upi? Swali hilo lina jibu, nalo huandikwa katika daftari lile lile, mistari mitatu kwa siku.